Kwa Mpigaji Aliyeiweka Finjani Chini

Kaka yangu Suleiman, uliyeko Dubai,

Hali sikuulizi, maana picha zako tunaziona. Umenawiri, mashaallah, na miwani ya jua ni mpya. Sisi huku Hail, Maskati, hatujambo kama unataka kujua, na kama hutaki pia hatujambo.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka kusoma. Najua utasema mambo ya ndugu hayamwagwi nje. Ungekuwa na haki ya kusema hivyo kama na wewe ungeyaweka ndani. Lakini ulilolifanya ulilifanya mbele ya watu, umevaa dishdasha, kanzu ya heshima, iliyonyooshwa pasi na kilemba kichwani, na waliokuwepo bado wanalisimulia kwenye harusi za watu wengine. Basi na jibu lisikike.

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta Jumamosi naosha mchele. Sauti yako ilikuwa na furaha, kuna watu wanacheka nyuma yako. Ulisema hivi: "Zuwena, nimesikia Khalfan anatafuta mpigaji. Mimi mkataba wangu huku umekwisha, sasa niko huru. Nnaweza kuja kuwapigia msimu huu mmoja, halafu tutaona. Mwambie mama anitayarishie chumba changu. Ntakuja na wajomba, tukae majlis, tuyamalize, khalas."

Nikafunga bomba. Nikausikiliza tena, kwa sababu nilidhani kuna mahali umeuliza mama anaendeleaje na mimi sikusikia vizuri. Hukuuliza. Ulichouliza, mwishoni kabisa, ni kama uwanja umeshatiwa taa.

Kwa wasiotujua, niseme kwanza huo mchezo wenyewe, maana Maskati mtu akikuona na gongo anadhani unakwenda kucheza kriketi. Sisi tunacheza besiboli. Tuko wachache, tunacheza wakati wa miezi ya baridi kwenye kiwanja cha vumbi huko Bawshar, na mume wangu Khalfan ndiye nahodha. Mimi napiga simu, nabeba maji, napanga nani anakuja na nani ana udhuru wa uongo. Katika mchezo huu timu moja inapiga mpira na nyingine inalinda uwanja, halafu zinabadilishana. Kila mtu anapiga na kila mtu analinda, isipokuwa mmoja. Kuna nafasi moja ya mtu anayeshika gongo kwa niaba ya mrushaji mpira, na wenzake wanapokwenda kusimama juani yeye anabaki kwenye benchi, anakunywa maji, anasubiri zamu yake ya kupiga. Anaitwa mpigaji maalumu. Kaka yangu alikuwa huyo, na hakuna aliyewahi kuifaa nafasi hiyo kama yeye.

Unaukumbuka ule mji wa baridi Marekani, baba alipopelekwa kusoma? Ulikuwa umeshabaleghe kidogo, mimi bado nalilia maziwa ya kopo niliyoyazoea. Baba alikununulia gongo la mitumba kwa jirani aliyekuwa anahama. Mama alilishika, akalipima mkononi, akasema, "Huu mchi, kinu chake kiko wapi?" Tulicheka mpaka baba akalazimika kukaa chini. Tuliporudi nyumbani gongo lile lilikuja nasi ndani ya sanduku, limeviringishwa kwenye makoti ambayo hapa hatukuyavaa tena.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Khuwair ya Kusini, na nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja ambacho siku hizi ni maduka ya fanicha. Watoto wa kule walikuwa na kriketi yao na hawakutaka gongo la mviringo. Kwa hiyo ukabaki na mimi. Mimi narusha, wewe unapiga, mimi naokota. Mpira ukivuka ukuta wa jirani mwenye mbuzi, mimi ndiye naruka. Siku moja nilikuuliza zamu yangu ya kupiga ni lini. Uliniwekea mkono begani, ukaniambia kwa upole, "Wewe unarusha vizuri sana Zuwena. Ukipiga wewe, nani atanirushia mimi?" Nililala na sifa ile usiku huo nimefurahi kama niliyepewa kanzu ya Idi. Miaka imepita mingi ndipo nikaelewa kwamba sikupewa kitu.

Sikatai, ulikuwa unapiga. Mpira ukigusana na gongo lako ulikuwa na mlio wake peke yake, na hata wale wa kriketi walikuwa wanageuka. Tulipopata wenzetu wa kutosha kuitwa timu, Khalfan akiwemo, watu walikuwa wanakuja Bawshar na viti vyao kukutazama wewe tu. Baba alikuwa anakuja na kiti chake cha plastiki cheupe na chupa ya chai ya tangawizi. Halafu goti lako likachanika, daktari akakukataza mbio za kukimbiza mipira, na ndipo Khalfan akakupa ile nafasi ya kupiga tu. Siku ya kwanza umekaa benchi huku wenzako wanalinda, baba alikutazama sana. Akasema, "Suleiman leo kapata kazi aliyozaliwa nayo." Tukacheka sote, na wewe ukacheka. Halafu baba akamimina chai, akasema bila kukutazama, "Lakini kwangu nyumbani nafasi hiyo hamna."

Hilo la mwisho sijui kama ulilisikia. Ulikuwa unatafuta glavu zako.

Na nyumbani ulikuwa nayo, kaka, tuache adabu za uongo. Idi ukija ulikuja na kasha la tende la thamani na halwa ya kopo kubwa, mama anakutangaza kwa majirani wiki nzima. Tende zenyewe nani alikuwa anazitoa mbegu kwa wageni? Baba alipoanza kuumwa, wewe ulimleta yule daktari mkubwa mara moja, na mpaka leo wajomba wanasema Suleiman ndiye aliyemleta daktari. Ndiye wewe, kweli. Aliyekuwa anambadilisha baba shuka ni mimi na mama, na hilo halisemwi kwa kuwa halina mlio.

Yote hayo ningeyameza, nimeyazoea. La finjani siwezi.

Baba alikuwa ameshazikwa, mama yuko eda, amevaa nguo zake nyeupe, hatoki, hajipambi, anapokea wanaokuja kumpa pole ambao wanamhusu. Mimi nilikuwa nimetoka kwangu Khuwair ya Kusini nikahamia kwa mama Hail, alikojenga baba baadaye, nikidhani ni kwa muda. Wewe ulikuwa unalala palepale nyumbani, chumba chako kile chenye dirisha la nyuma. Asubuhi ulikunywa chai jikoni na mama, ukamwambia unatoka. Baada ya alasiri kengele ya mlango wa majlis ikalia. Mlango wa wageni. Nikafungua nikakuta ni wewe.

Nilitaka kucheka, nikadhani umesahau ufunguo. Kisha nikawaona wajomba wawili nyuma yako, na nikaiona dishdasha, kilemba, udi uliojifukiza. Ukapita mbele yangu ukasema, "Muite mama." Mama akaja mbio mbio kwa furaha, kwamba kaka zake wamekuja kumtazama. Akakuona umekaa pamoja nao kwenye zulia, mahali pa wageni. Akasema, "Na wewe Suleiman umepotea njia?" 

Mimi ndiye niliyemimina. Dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama tulivyofunzwa. Nikaanza na mjomba mkubwa, nikaja kwa mdogo, nikaja kwako. Ukaipokea finjani, ukaiweka chini kwenye zulia, imejaa.

Kila aliyelelewa katika nyumba zetu analijua jambo lile. Mgeni mwenye haja nzito, mwenye kuposa, mwenye kuombea mtu msamaha, akipewa kahawa haipeleki midomoni. Anaiweka chini, na mwenye nyumba anajua kwamba hainywewi mpaka haja itolewe. Mwenye nyumba muungwana hawezi kumwacha mgeni aondoke na kahawa yake imepoa hivyo hivyo. Ni aibu inayomfuata mpaka kwa watoto wake. Ndiyo maana desturi hiyo mtu haitumii ovyo, na ndiyo maana anaitumia mtu wa mbali kwa mtu wa mbali. Sikuwahi kuona mtoto anamwekea mamake.

Mama aliitazama ile finjani. Mikono yake niliiona imeshika ncha za mtandio. Mjomba mkubwa akakohoa, akasema, "Dada, Suleiman ana haja kwako."

Nawe ukasema, na sauti ulikuwa umeipanga, "Mama, sinywi mpaka unipe rukhsa. Dubai wamenipa kazi na timu. Jumapili nnatakiwa niwe nshafika."

Chumba chako kiko hatua chache kutoka pale ulipokaa. Asubuhi mlikuwa na sufuria moja la chai baina yenu.

Mama hakuinua macho. Akasema, "Kunywa mwanangu, kahawa inapoa. Nshakupa."

Ukainywa mara moja. Ukaitikisa finjani mkononi, ile ishara ya aliyetosheka, ukanirudishia. Niliipokea, Suleiman. Nilikuwa na dele zima la kahawa ya moto mkono wa pili, na sijui nani alinizuia.

Wajomba walipotoka nilimfuata mama chumbani. Nilikuwa nimefura, nasema hivi na vile, kwa nini umempa, kwa nini hukumwambia asubiri. Alikuwa anakunja mtandio wake. Akaniambia, "Angeniomba jikoni asubuhi ningemwambia ngoja mwanangu nitoke eda, kisha nenda. Mule majlis ningesemaje, Zuwena? Na kaka zangu wamekaa?" Akauweka mtandio kitandani. Kisha akasema, "Kwenda si kitu. Watoto wanakwenda. Kanijia kama mtu wa mbali."

Wewe ulijua. Ndilo linalonichoma. Ulijua jikoni utaambiwa subiri, ukaenda kutafuta mlango ambao mama hawezi kukataa. Ulipiga mpira ule kwa akili kuliko yote uliyowahi kupiga Bawshar, na aliyekuwa amesimama kuulinda ni mjane ndani ya nguo zake za eda.

Ukaondoka. Siku ya kutoka eda ulisema utakuja. Wanawake wakaja, mama akaogeshwa, akavaa nguo mpya ya rangi ya zambarau aliyoichagua mwenyewe, akapakwa udi. Akataka kwanza apelekwe pwani kwa gari, akae tu atazame watu. Alikaa mbele, mimi naendesha, na kila gari yenye namba za kigeni ikipita anageuka. Jioni likaja kasha lako la manukato kwa mtu wa kupeleka mizigo. Mama alilifungua, akanusa, akasema mazuri, akawagawia wanawake mpaka chupa zikaisha. Hakubakisha hata moja.

Tangu siku ile mama hanywi kahawa majlis. Wageni wakija ananiambia niwahudumie mimi, yeye anakaa nao anasema nao anacheka, lakini yake anakuja kuinywa jikoni, kwenye kile kistuli karibu na friji. Sikuwahi kumuuliza. Na Khuwair ya Kusini hatukurudi tena. Mimi na Khalfan na watoto tumehamia Hail moja kwa moja. Khalfan asubuhi anakaa kwenye foleni ya magari mpaka macho yanakuwa mekundu, na hajawahi kulalamika, jambo ambalo na lenyewe linanikera. Chumba chako wanalala wanangu. Dirisha la nyuma wamelibandika picha za magari.

Sasa nije kwenye timu, maana ndiyo uliyoiulizia.

Msimu uliopita tulifungwa mpaka tukazoea. Tulikuwa na watu wa kulinda, hatuna wa kupiga. Joto lilipoanza kupungua mwaka huu Khalfan akasema lazima tutafute mpigaji, na kazi ya kutafuta ikaniangukia mimi kama kawaida. Usidhani wapigaji wasio na timu wamejaa Maskati. Nilimpata Mhindi mmoja wa duka la simu, hodari wa kriketi, kila mpira anaupiga chini kisha badala ya kukimbia anasimama anatusubiri tupige makofi. Nilimpata mhandisi Mjapani, anapiga vizuri kuliko hata wewe, samahani kwa kusema, lakini alitaka ratiba ya mwaka mzima na mimi sijui hata ya Ijumaa ijayo. Kila nilipompeleka mtu mazoezini Khalfan alikuwa anasema, "Anafaa, lakini si Suleiman." Khalfan anakupenda. Ndiyo kasoro yake kubwa.

Kisha tukasikia habari za kijana anaitwa Mundhir, amerudi masomoni, anakaa Bawshar na mamake. Tukaenda. Nyumba yao ni ya watu waliotoka bara, Tabora, na mamake, Bi Rukia, anasema Kiswahili cha kwao, anakuvuta mkono kabla hujavua viatu. "Karibuni jamani, piteni, msikae kama mnadaiwa!" Tukakaa, tende zikaja, kahawa ikaja. Mundhir mwenyewe ndiye aliyemimina, kijana mrefu, mabega mapana, anamwagamwaga kwenye zulia.

Na Khalfan, mume wangu mpole, mtu wa heshima, akataka kuwaheshimu watu wa nyumba ile. Akaipokea finjani, akaiweka chini. "Bi Rukia," akasema, "sisi tumekuja na haja."

Sikufikiri. Nilinyanyua finjani yangu nikainywa yote, ya moto vile vile, nikaungua ulimi. Kisha nikainama nikaiokota ya Khalfan kutoka kwenye zulia nikamtia mkononi.

"Zuwena!" akasema kwa sauti ya chini.

"Kunywa," nikamwambia. "Kunywa Khalfan, kahawa ya watu inapoa." Nikamgeukia mwenye nyumba. "Bi Rukia, tusamehe. Sisi tuna timu, tunatafuta mpigaji, na mwanao tumeambiwa anapiga. Akitaka aje. Asipotaka, kahawa yako tumeinywa na tumeshukuru, na tutakuja tena bila ya haja."

Khalfan alikunywa, masikio yamemwiva. Bi Rukia alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akanitazama kwa jicho la mtu mzima, akaniuliza, "Nani alikuwekea finjani wewe?"

"Si mimi. Kaka yangu alimwekea mama."

Akaacha kucheka. "Mama yake? Ndani ya nyumba yake mwenyewe?"

"Na yuko eda."

Bi Rukia akasogea karibu yangu. Alichukua dele mkononi mwa mwanawe, akanimiminia yeye mwenyewe finjani ya pili. Nilikuwa sijalia tangu msiba wa baba, na nikalia kwa watu ambao nimewajua muda wa kula tende mbili. Mundhir maskini hakujua atazame wapi. Akasema haraka haraka, "Mimi nacheza, shangazi. Ila Alhamisi mazoezini siji. Alhamisi nazunguka na mama."

"Nani kakwambia nakuhitaji?" mamake akamrukia. "Nenda huko kapige mipira yako, nimechoka kukuona humu ndani!"

"Alhamisi siji," akarudia.

Khalfan akasema sawa. Hivyo ndivyo tulivyompata mpigaji. Sikudanganyi, si fundi kama wewe. Mipira ya juu inampita, akikosa anakasirika anatupa kofia. Lakini wiki ile ile alikuja Ijumaa, akapiga mmoja ukaenda mpaka kwenye magari, kisha wenzake walipokwenda kulinda akasimama pembeni anawapelekea maji. Hakuna aliyemwambia. Kiti cha plastiki cha baba bado tunacho kwenye gari, na siku ile nilikikalia mimi.

Kwa hiyo ujumbe wako ulinikuta nafasi imeshajaa. Khalfan alipousikia alisimama katikati ya jikoni, akaniambia pengine Mundhir ataelewa, kijana bado mdogo, na Suleiman ni Suleiman. Nikamwambia kama anataka Suleiman arudi kwenye benchi lile, aanze kujipikia. Halijasemwa tena.

Mama sijamwambia. Ujumbe uko kwenye simu yangu na simu natembea nayo. Nikimwambia najua litakalotokea. Atawahamisha wanangu, atanunua mashuka, atauliza kama bado unapenda samaki wa kupaka. Utakuja na wajomba kwa mlango ule ule, utaiweka finjani chini, na mama atakupa tena. Miezi ya baridi ikiisha utaiweka nyingine ili uondoke, na ataitoa rukhsa hiyo pia. Anao uwezo wa kutoa mpaka asibaki na kitu, na wewe unao uwezo wa kupokea. Mimi niliyebaki katikati sina tena uwezo wa kumimina.

Umesema tukae, tuyamalize. Kinachomalizwa ni nini? Hujasema hata umekosa nini. Na mimi, hasira zote hizi, bado nikisikia mlio wa gongo kule kiwanjani nageuka kutazama kama ni wewe. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, basi ujue.

Sikiliza basi. Kwenye timu, nafasi iliyobaki ni ya kulinda, kule nyuma kushoto, jua linakupiga usoni na mpira hauji ila kwa nadra. Goti lako nalijua. Khalfan anasema kusimama tu kunatosha. Ukitaka, ipo, na siyo ya msimu mmoja.

Na nyumbani, wajomba waache makwao. Dishdasha ya pasi ivae siku nyingine. Mlango wa majlis nimeufunga kwa ufunguo na ufunguo ninao mimi, hata ukiupigia kengele mpaka majirani watoke, kwako haufunguki. Zunguka nyuma, penye kamba ya nguo, uvue viatu, upite mlango wa jikoni. Mama baada ya alasiri anakuwa pale kwenye kistuli chake na dele lake. Hatakuuliza umetoka wapi. Atakumiminia.

Unywe kwanza. Kisha kaa kimya, na uchukue lile dele umuoneshe kama unajua kumimina.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa nikikuokotea mipira,
Zuwena